Nyumba Ina Watu, Mzee Hana Wenzake

 

Ukimkuta kijana wa Ibaba anayefanya biashara Tunduma, ukamuuliza kama mama yake kule nyumbani ana upweke, atakushangaa. Upweke utoke wapi? Nyumba ina watu. Yuko mke wa kaka, wako wajukuu, na jirani yuko ng'ambo tu ya shamba la viazi. Upweke, atakwambia, ni shida ya Wazungu wanaowapeleka wazazi wao kwenye nyumba za kulelea wazee. Halafu atatoa simu, atatuma pesa ya sukari na sabuni, na habari ya mama imekwisha mpaka mwezi ujao.

Mimi leo nabishana na kijana huyo. Pesa anayotuma inahitajika sana, simlaumu kwa hilo. Ila hesabu yake ina kasoro. Anahesabu watu waliomo ndani ya nyumba, na mzee anaweza kuishi na watu kumi akakosa mtu mmoja wa kuzungumza naye. Kinachomsaidia asizame kwenye sonona, na pengine kinachosaidia akili yake isififie kabla ya wakati, ni kuwa na wenzake: watu wa rika lake, wanaomjua tangu akiwa kijana, wanaoweza kumwambia "hapo unadanganya" na yeye akacheka.

Kwa asiyeijua Ibaba, ni kata ya wilaya ya Ileje, milimani, upande huu wa mpaka wetu na Malawi. Ni nchi ya mahindi, maharage na viazi, na baridi ya Juni na Julai kule haina mchezo. Mkoa wenyewe, Songwe, ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawa Vwawa. Siku hizi lami inatoka Mpemba hadi Isongole, na tunashukuru. Lakini barabara ile ile inayoshusha mazao inashusha na vijana. Wanakwenda Tunduma, wanakwenda Mbeya, wengine hawasimami mpaka Dar es Salaam. Wanaobaki juu ni wazee na watoto.

Tumchukue bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Simtaji jina kwa sababu hayuko mmoja, kila kitongoji kina wa kwake. Anaamka kabla ya jua, anachochea moto. Mkwe anakwenda shamba, wanafunzi wanakwenda shule, yeye anabaki na mjukuu wa miezi minane mgongoni na mwingine anayetambaa. Anaanika maharage, anafukuza kuku, anaanua maharage. Mchana anakula kiporo. Jioni wote wanarudi na nyumba inachangamka kweli, ila mazungumzo yanampita pembeni. Wakubwa wanajadili mbolea ya ruzuku na ada, wadogo wameinamia simu. Akiuliza jambo anajibiwa, "Bibi, wewe kula ukalale." Sasa hesabu maneno aliyoambiwa tangu asubuhi: lete, shika, kula, lala. Kutwa nzima hakuna aliyemuuliza, "Bibi, wewe unaonaje?"

Kuna na jambo la lugha. Wajukuu walioletwa kutoka Tunduma, wengine baada ya kufiwa na wazazi, wanakuja na Kiswahili tu. Bibi anaota na anasali kwa Kindali, au Kimalila, au Kilambya, kutegemea alikozaliwa. Kiswahili chake ni cha gulioni na cha kanisani. Anakimudu kununua chumvi, lakini hadithi ya utoto wake hawezi kuisimulia kwa Kiswahili ikabaki na utamu wake. Kwa hiyo haisimulii.

Msidhani jambo hili ni la kwetu peke yetu. Kule California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walianza kuwafuatilia wazee 1,789 wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao wa Meksiko, walioishi mji wa Sacramento na maeneo jirani. Watu hao wanajulikana kwa familia zao kubwa. Bibi anaishi na watoto, mezani hapakosi watu, na mgeni anaweza kusema hapa upweke haujafika. Lakini walipopimwa, mmoja kati ya wanne alikuwa na dalili nzito za sonona. Kwa waliozaliwa nje ya Marekani wakahamia, ilikuwa kama 30 kati ya 100. Kwa waliozaliwa Marekani, kama 20. Na wanawake walikuwa karibu mara mbili ya wanaume. Mimi nikisoma takwimu hizo namwona bibi aliyekulia kijijini, ambaye wajukuu zake wanacheka kwa Kiingereza mezani pake. Tofauti yake na bibi wa Ibaba ni nauli ya ndege.

Sasa sonona yenyewe ikoje kwa mtu mzima? Huku kwetu mzee haji kukwambia "nina huzuni." Anakuja na mgongo. Anakuja na kichwa, na tumbo linalowaka, na usingizi unaokatika saa nane za usiku mpaka alfajiri. Chakula hakishuki. Kuku wake aliowapenda hawaulizii tena. Alikuwa haikosi ibada, sasa anasema miguu inauma, na kweli inauma, ila mwaka jana ilikuwa inauma na alikwenda. Nyumbani wanasema, "Ndiyo uzee huo." Zahanati anapewa dawa ya maumivu. Wiki mbili zinapita, miezi miwili inapita, na hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Halafu kusahau kunaingia. Anaweka ufunguo hajui wapi, anaita mjukuu kwa jina la marehemu mjomba wake, anauliza jambo alilojibiwa sasa hivi. Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu mambo mawili yanafanana sura. Mtu mwenye sonona akili yake haiko pale unapomwambia jambo, na lisiloingia haliwezi kukumbukwa. Huyo akitibiwa, kumbukumbu zake nyingi zinaweza kurudi. Mwingine ana ugonjwa wa ubongo wenyewe, ule wataalamu wanaouita demensia, ambao unasonga mbele mwaka hadi mwaka. Na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Kipi kinatangulia? Swali hilo limewasumbua wataalamu wakubwa. London kuna utafiti uliowafuata watumishi wa serikali tangu mwaka 1985, zaidi ya 10,000, mpaka wakazeeka. Ilionekana kwamba dalili za sonona ziliongezeka katika miaka kama 10 kabla ya demensia kujulikana, lakini miaka 20 na zaidi nyuma hapakuwa na tofauti. Maana yake ni kwamba kwa baadhi ya watu, huzuni ile ya uzeeni inaweza kuwa ni ugonjwa wa ubongo wenyewe unaobisha hodi. Wataalamu wengine bado wanaona sonona nayo inachangia kuuchosha ubongo, na jopo la wataalamu wa jarida la Lancet, katika ripoti ya mwaka 2024, waliiweka kati ya mambo 14 ambayo yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, karibu 45 kati ya kila wagonjwa 100 wa demensia duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa. Katika orodha hiyo wapo na jamaa tunaowajua: presha, kisukari, pombe nyingi, sigara, hewa chafu, kutosikia, kutoona, kukosa shule. Na kutengwa na watu.

Nyumbani Tanzania kazi kubwa imefanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti waliingia vijiji sita, wakawapima watu 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Waliokuwa na demensia, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, walikuwa asilimia 6.4. Wapo waliodhani ugonjwa huu ni wa Ulaya, kwamba Mwafrika mla ugali na mboga za majani haumpati. Hai ilimaliza ubishi huo. Huko huko Hai ilionekana pia kwamba wazee wa umri huo wenye presha ni karibu 7 kati ya 10, na wengi hawakuwa wanajua.

Kilichonifurahisha zaidi ni kipimo kilichotokana na kazi ya Hai. Vipimo vya kumbukumbu vya zamani vilitungwa kwa watu waliokaa darasani. Unapewa kalamu uchore maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Unaambiwa utoe saba kwenye mia, utoe tena saba, utoe tena. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu anaonekana mgonjwa, kumbe ana kesi moja tu: mwaka ule kaka yake alipelekwa shule na yeye akabaki kuchunga. Kwa hiyo wakatunga kingine. Wanakupangia njiti nne za kiberiti mbele yako, wanazivuruga, unazipanga tena. Wanakuuliza daraja ni kitu gani. Leo ni siku gani? Kiongozi wa eneo lako ni nani? Taja wanyama wote unaowajua kwa dakika moja. Na wanakusomea maneno kumi, kisha baadaye unaulizwa umeyakumbuka mangapi. Hakuna kalamu wala karatasi. Mzee wa Ileje ukimwambia ataje wanyama, sina shaka ataanza na ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, na dakika itamwishia zizini. Mpimaji atahitaji subira.

Nirudi kwa kijana wetu wa Tunduma na hesabu yake. Wale watumishi wa London waliulizwa pia wanaonana na nani na mara ngapi. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Mtu wa miaka 60 aliyeonana na marafiki karibu kila siku, hatari yake ya kupata demensia baadaye ilikuwa pungufu kwa asilimia 12, ukimlinganisha na yule aliyeonana na rafiki mmoja au wawili kila baada ya miezi kadhaa. Wakaangalia na kuonana na ndugu. Hapo hawakuona nafuu ya namna hiyo.

Najua, London si Ibaba. Wale ni makarani na maofisa, ndugu zao wako mbali, na udugu wao si udugu wetu. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba rafiki ndiye aliyezuia ugonjwa. Huenda aliyeanza kudhoofika kichwa ndiye aliyeacha kuwatembelea rafiki zake. Hata hivyo jambo lenyewe linaniingia akilini, na nitawaambia kwa nini.

Ndugu anakuhudumia. Anakuletea chakula, anakufulia, anakusemea hospitalini, na mwisho wake anakuamulia. Rafiki wa rika anakudai. Anakubishia mwaka wa njaa ulikuwa upi. Anakukumbusha mbegu ya viazi uliyokopa ukasahau kurudisha. Anakutania, na utani hauna huruma, lazima uwe na jibu hapo hapo, la sivyo umekwisha. Kumjibu mtani ni kazi kubwa ya ubongo: usikie, ukumbuke, upime, uchague maneno, utazame uso wake. Akili inayofanyishwa kazi hiyo kila wiki hujiwekea akiba, kama kaya iliyojaza kihenge. Njaa ikija haikuti patupu. Wajukuu hawawezi kumpa bibi kazi hiyo. Wanampenda, lakini hawana madeni naye.

Zamani milima ya Ileje ilikuwa na mahali pa kazi hiyo. Wazee wa kiume walikuwa na kimpumu, pombe ya ulezi, watu wamezunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, maji ya moto yanaongezwa taratibu. Pale kesi za mipaka ya mashamba zilizungumzwa kabla hazijafika barazani, na mzee asiyekumbuka nani alimpa nani shamba hakuwa na la kusema. Sisifu ulevi, nimewaambia pombe nyingi imo kwenye orodha ya wabaya. Ila kilichokufa hapo ni zaidi ya pombe. Walikuja watu na viroba vya pombe kali, serikali ikavipiga marufuku Machi 2017, na bado kijana anakunywa kali yake peke yake, haraka, amesimama. Mzee ataketi wapi hapo?

Akina mama walikuwa na njia ya mtoni, na jiwe la kusagia, na kualikana kupalilia. Mashine ya kusaga na bomba la maji vimewaokoa migongo, na mtu asije akaniandikia kwamba nataka bibi arudi kwenye jiwe. Nasema tu kwamba safari ya maji ilikuwa na maneno mengi kuliko ndoo, na bomba lilipofika uani lilileta maji, maneno yakabaki mtoni.

Kanisa lipo. Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891 na leo ukienda Ileje makanisa ni mengi. Lakini kanisani mzee anakaa na kuambiwa. Kinachomponya hasa, kwa maoni yangu, ni zile dakika za baada ya ibada, watu wamesimama juani wanashikana mikono. Na mchungaji akimaliza kwa kuchelewa, dakika hizo ndizo zinazoliwa.

Kwa hiyo sasa wazee wanakutana misibani. Kila wakikutana wamepungua mmoja.

Hai hawakuishia kupima. Walijaribu na tiba ya vikao, iliyoanzia Uingereza, ambayo mtu mwenye demensia isiyo kali anakaa na wenzake katika kundi dogo, vikao 14 katika wiki saba. Hawapewi dawa. Wanaimba, wanataja methali, wanashika vitu vya zamani na kusimulia jinsi vilivyotumika, wanajadili chakula, wanakumbushana siku na msimu. Inaonekana ni mchezo wa watoto. Lakini ni moja ya tiba chache zisizo za vidonge ambazo zimeonyesha kuisaidia akili ya mgonjwa, na pale Hai waliweza kuitoa vijijini.

Nikiifikiria Ibaba naona mada hazitakwisha. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakamilika 1975, ikapita Vwawa na Tunduma. Mzee wa miaka 75 leo alikuwa kijana mwenye nguvu. Muulize: ulikwenda kuwaona Wachina? Nani wa hapa alipata kazi? Walikula nini? Muulize habari za kuhamia vijiji vya ujamaa, nyumba ya kwanza ilikaa wapi, nani alikataa kuhama. Muulize mwaka 1978 vita vya Kagera vilipoanza, nani alikwenda, nani alirudi. Wawili hawatakubaliana, na hapo ndipo kikao kimeanza. Sharti moja: waseme kwa lugha yao. Kijana wa kuandika atasubiri atafsiriwe.

Zimbabwe wamekwenda hatua nyingine. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 mtaa wa Mbare, Harare, akiwa na bibi 14. Hakuwa na madaktari wa kutosha, akawafundisha bibi hao kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye mawazo, kumsaidia achague tatizo moja analoweza kuanza nalo. Mwaka 2016 utafiti wa watu 573 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hizo zimefika Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe, na Zanzibar. Angalieni bibi yuko upande gani wa benchi. Yeye ndiye anayetoa. Tumezoea kupanga misaada ya wazee kana kwamba mzee ni mdomo wa kulishwa, na mzee anayepokea tu kila siku huanza kujiona mzigo.

Kuna jambo zito nisilotaka kuliruka. Mzee anayetoka nje usiku bila kujua aendako, anayezungumza na mume aliyekufa, aliyesahau adabu aliyokuwa nayo, na juu ya hayo macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, katika nchi yetu ameitwa mchawi, na wapo bibi waliouawa kwa hilo. Hayo niliyoyataja yote ni dalili zinazojulikana hospitalini, isipokuwa macho, nayo ni moshi. Mwenyekiti wa kijiji anayesikia mnong'ono wa namna hiyo ana kazi ya kufanya siku hiyo hiyo, asingoje kikao.

Na hospitali, mnasema nini? Nitapita haraka. Mzee akichanganyikiwa ghafla, leo mzima na kesho hajui alipo, huo si uzee wala sonona. Inaweza kuwa homa ya mapafu, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kiharusi. Huyo anapelekwa leo. Anayesahau polepole, kwanza atazamwe masikio, maana nta peke yake yaweza kumtenga na dunia. Atazamwe mtoto wa jicho. Apimwe presha, sukari na VVU, ndiyo, hata mzee. Mkiandikiwa dawa ya usingizi au ya sonona, mwambieni daktari umri wake na dawa zake zote. Amitriptilini, ambayo inapatikana sana na imewasaidia wengi, kwa mzee inaweza kuongeza kusahau na kumwangusha usiku. Msiache dawa kwa sababu mimi nimesema, rudini mkaulize. Wazee wasio na uwezo wa kuanzia miaka 60 sera inasema watibiwe bila malipo, na dirisha la wazee limewekwa kwenye vituo vingi. Kama kwenye kituo chenu dirisha ni karatasi iliyobandikwa ukutani na hakuna mtu nyuma yake, semeni.

Pesa nayo inaingia, kwa njia ambayo hatuifikirii. Zanzibar tangu Aprili 2016 inamlipa pensheni kila mzee wa miaka 70, awe alifanya kazi serikalini au alivua samaki. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000. Bara hatuna ya wote. Tuna mfuko wa TASAF kwa kaya maskini. Ukiwa na chako, hata kidogo, unaweza kuchangia msiba, kutoa sadaka, kumnunulia mwenzako chai gulioni. Asiyekuwa nacho anakaa nyumbani asiaibike, na watu wanasema siku hizi amekuwa mpole.

Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia upweke, na ripoti yake ya mwaka 2025 ikahusisha upweke na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Mmoja wa wenyeviti wenza wa tume hiyo alikuwa binti wa Zimbabwe aitwaye Chido Mpemba, na niliposikia jina nilidhani wamemchukua mtu wetu pale njia panda ya Isongole. Kumbe si wetu. Itabidi tujitegemee.

Na chombo tunacho. Tunayo mabaraza ya wazee, kuanzia kijijini. Mara nyingi baraza linaitwa kiongozi akija, wazee wanawekwa mstari wa mbele, wanapigwa picha, wanapewa soda. Mimi naomba baraza la Ibaba lipewe siku yake ya wiki, tuseme Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, mvua ikinyesha wakae darasani. Afisa ustawi wa jamii apite mara moja moja, mhudumu wa afya alete mashine ya presha, lakini wenye kikao wawe wao. Chai iwepo, kwa sababu kuna baridi na kwa sababu bila chai hakuna baraza.

Kwa babu hilo ni jepesi. Atachukua fimbo yake na koti, ataondoka. Kazi iko kwa bibi, ambaye Alhamisi saa nane ana mtoto mgongoni na maharage juani. Usipompangia mtu wa kubaki na mtoto, umeanzisha baraza la wanaume. Mkwe anasema yuko shamba, mwanafunzi yuko shule, na kijana wa Tunduma anaweza kutuma pesa lakini hawezi kutuma mikono ya kumpokea mtoto. Basi waje na watoto wao. Watoto watalia, chai itamwagika, hadithi ya TAZARA itakatika mara tano na mtu atauliza tulikuwa tumefika wapi, na mwingine atakumbuka.